Bastola Marekani: kabla haijafika kiunoni

Tangu Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoizuia New York kumtaka raia athibitishe haja ya pekee ndipo aruhusiwe kutembea na bastola, mabishano yote yameelekea kwenye kubeba. Majimbo 29 sasa hayadai kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, na pande zote mbili zinagombania bastola iliyokwisha kufika kiunoni. Namna ilivyofika huko haijadiliwi sana, nami naona hapo ndipo watetezi wa kibali cha kununua wanapoeleweka vibaya, kana kwamba wanataka kuwanyang'anya watu silaha.

Sheria ya shirikisho humlazimu muuzaji mwenye leseni kuhakikisha kwamba mnunuzi hana kizuizi cha kisheria, lakini haimlazimu mtu wa kawaida anayeuza bastola yake mwenyewe. Kibali cha kununua huziba mwanya huo, kwa kuwa mnunuzi hupitia kwanza kwa polisi au sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti), na muuzaji yeyote, hata jirani, hana budi kukiona. Connecticut ilianza utaratibu huu mwaka 1995. Missouri, iliyokuwa nao tangu 1921, iliufuta mwaka 2007. Watafiti waliolinganisha majimbo hayo walikadiria kwamba vifo vya kujiua kwa risasi vilipungua Connecticut kwa takriban asilimia 15, na Missouri vikaongezeka kwa takriban asilimia 16.

Kwa makusudi nasisitiza vifo vya kujiua, maana habari zinazotufikia ni za mauaji ya halaiki. Mwaka 2021 risasi ziliua watu 48,830 nchini humo, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu wazima wapatao milioni 26, ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi karibu mara nane kuliko wasio nayo, na wanawake zaidi ya mara 35. Hatari ilikuwa kubwa kupita wakati wowote mara tu baada ya ununuzi wa kwanza, na mtu aliyelemewa na usiku mmoja mbaya huenda akaokolewa na wiki chache za kungoja karatasi. Kweli, utafiti huohuo unaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mzima, na kusubiri kusingevizuia vyote.

Wapinzani wanasema majimbo mawili ni mfano mdogo, na hilo ni kweli. Hoja yao nzito zaidi ni ya historia: mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu mjini Montgomery, Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, aliomba kibali cha kubeba bastola akanyimwa. Palipo na hiari ya ofisa, mnyonge hukataliwa. Ila hoja hiyo inailenga hiari, haikilengi kibali chenyewe, na uamuzi wa 2022 ulibatilisha hiari ukaacha masharti yaliyo sawa kwa wote.

Maryland imekwisha kupita njia hiyo. Sheria yake ya 2013 ya kibali cha kununua bastola inadai alama za vidole, mafunzo ya saa nne na kusubiri hadi siku 30. Novemba 2023 jopo la majaji watatu wa rufaa liliibatilisha. Agosti 2024 majaji wote wa mahakama hiyohiyo, kwa wingi wa kura, wakairejesha.