Bomu Liko Mkono wa Kushoto

Dada yangu aliyeko Mwanza alinitumia fedha nimnunulie manukato ya kuvaa kwenye harusi ya binamu yetu, kwa sharti moja tu: yawe matamu, ya maua, na yafike ukumbini kabla yake. Duka nililoingia Kariakoo, Dar es Salaam, lilikuwa na aina mbili za sifa hiyo. Ya kwanza ilikuwa Flowerbomb ya Viktor&Rolf, iliyotoka mwaka 2005, ambayo chupa yake imechongwa mithili ya bomu la kutupa kwa mkono; ya pili, Good Girl ya Carolina Herrera ya mwaka 2016, imo ndani ya kiatu cha mchuchumio.

Muuzaji alinipulizia moja kila mkono, akanikataza kusugua, akaniasa nisiamue palepale, kwa kuwa harufu ya kweli hujitokeza spiriti ikishakauka. Ushauri ulikuwa sahihi. Kosa langu ni kwenda kuisubiri harufu hiyo ndani ya basi la mwendokasi, saa kumi na moja jioni, kutoka Gerezani kwenda Kimara, nimesimama huku mikono yote miwili imeshika bomba la juu, usawa wa pua za watu.

Joto la basi lilifanya kazi yake. Tulipofika Jangwani, kushoto kwangu kulinukia asumini na waridi kama chumba cha bibi harusi, na kulia kulinukia kakao tamu kiasi cha kumfanya mtoto mmoja aulize keki iko wapi. Abiria wawili walipiga chafya. Hapo ndipo dada alipopiga simu, na kwa sababu ya kelele nilimjibu kwa sauti ya juu:

"Bomu liko mkono wa kushoto! Subiri kidogo, bado halijatoka vizuri!"

Katika jiji lililoonja milipuko ya maghala ya mabomu ya jeshi, Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, neno hilo halisemwi ovyo. Basi ambalo halikuwa na nafasi ya kupitisha sindano lilipata ghafla uwanja mpana kunizunguka. Nami, kwa nia njema kabisa, nikaunyanyua ule mkono wa kushoto ili nieleze, na mayowe yakafika kwa dereva.

Mzee mmoja, ambaye nadhani alishindwa kukimbia kwa sababu ya magoti, alinusa hewa, akaniambia, "Mwanangu, hilo si bomu, hilo ni pafyumu. Ila limelipuka."

Watu walicheka hadi Magomeni Mapipa, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa dagaa miguuni, ambaye alinitazama kwa utulivu, akasema, "Na mimi ndiye mliyeniambia nishuke, eti nanuka."

Dada nilimnunulia kiatu.