Breki ya mota ya msumeno: tugeuze fezi au tupige DC?

Karakana za mbao huku Mwanza, ukipita Nyakato utaziona, msumeno wa duara ukizimwa unaendelea kuzunguka weee mpaka uchoke wenyewe, na kijana mwenye haraka anaubana na kipande cha mbao usimame. Hapo ndo vidole vinapoenda. Sasa bosi akitaka breki ya umeme mafundi wanagawanyika, kuna wa kugeuza fezi (nyaya za umeme zinazoleta moto kwenye mota) na wa kupiga DC, yani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri.

Wa kugeuza fezi wana hoja, unaongeza kontakta moja (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kubadilishana nyaya mbili, mota inavutwa kinyume inasimama chap, gharama kidogo. Tatizo joto, rota (kile kinachozunguka ndani ya mota) inakula kama mara tatu ya nishati iliyokuwa kwenye mzunguko, na usipoweka swichi ya kuhisi kwamba imesimama basi inaanza kuzunguka kinyumenyume, wakati nati ya msumeno imetengenezwa ijikaze kwa upande mmoja tu.

DC ni mpole zaidi. Unakata fezi zote, unasubiri kama sekunde moja usumaku uliobaki ufe, ndo unaingiza DC kwenye nyaya mbili na taima inakata baadae. Joto theluthi ya lile. Wanaoipinga wanasema umeme ukikatika katikati ya kazi huna breki, na hapo wako sahihi kabisa, tena ikishasimama haishikilii mzigo, kwa hiyo winchi ya kupandisha boti au kreti za sangara usiifunge hivyo, weka breki ya springi inayobana yenyewe umeme ukiondoka.

Kuna na wanaolalamika eti tunachoma umeme bure, nguvu ya mzunguko tuirudishe kwenye laini ya umeme. Haya tupige hesabu: diski ya milimita 600 pamoja na puli na rota, kwa mizunguko 1500 kwa dakika, ina kama jouli 6,000. Uniti moja ya luku ni jouli milioni 3.6. Yani usimamishe mara 600 ndo uokoe uniti moja, kifaa cha kurudisha umeme utakilipa lini? Kwa krein kubwa hiyo hoja ina uzito, kwa karakana hapana.

Mi ningechukua DC, ila isifungwe kali. Breki ya ghafla mota inasimama diski bado inataka kwenda, nati inalegea hata bila kugeuza fezi. Uingereza mashine za mbao wanazipa mpaka sekunde 10 kusimama, anzia 8 hivi, na nati uikague kila asubuhi.