Sio nyama choma tu jamani

Asante kwa hii habari ya wazee wa Marekani na Memorial Day, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ila mwandishi umeielezea kama ni sikukuu ya kuchoma nyama na kupamba vigari vya gofu basi. Mi nahudumia wazee huku Texas mwaka wa sita sasa, na nakwambia ile Jumatatu ya mwisho ya Mei asubuhi huwa kimya. Bendera inapandishwa mpaka juu kabisa halafu inashushwa taratibu nusu mlingoti, inakaa hapo hadi saa sita mchana ndo inarudishwa juu, na wazee wangu wanaijua hiyo saa kuliko saa ya dawa! Kuna babu mmoja alipigana Vietnam, mkono unatetemeka hata kijiko hashiki vizuri, lakini siku hiyo kiti cha magurudumu hataki kukisikia, anataka asimame, basi namshikilia kiunoni kwa nyuma anapiga saluti huku ua jekundu la karatasi limening'inia kifuani. Mchana sawa, hotidogi, tikiti maji, na zogo la nani kaiba kwenye bingo. Halafu hujapumzika inafika Juni 14, siku ya bendera yenyewe, maana ilipitishwa tarehe hiyo 1777, wananituma tena vibendera vya kuchomeka kwenye vyungu vya maua. Na Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani, bado, fataki zikianza yule babu namfungia madirisha namwekea redio kwa sauti.