Kumbe Kirusi Nilikuwa Mimi

Najua tayari mmeisikia ile voisi ya bodaboda wetu wa kijiwe cha Kirumba, hapa Mwanza, ile anayocheka mpaka anakohoa. Anasema fundi kompyuta, yaani mimi, amefuta harusi ya watu kwa flashi. Uongo mtupu. Flashi haikuhusika kabisa, na nitaitetea popote, maana siku ile ndiyo pekee iliyofanya kazi iliyotumwa.

Mnaoijua steshenari ya Mama, pale njia ya kushukia Mwaloni, mnaweza kuruka aya hii. Wengine: mlango mmoja, meza ndefu, kompyuta mbili, printa, harufu ya dagaa inayoingia bila hodi, na foleni ya watu wa CV na picha za pasipoti, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Kompyuta ya kushoto ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliachana nayo tangu Januari 2020. Ukiiwasha unaenda kunywa chai, unarudi bado inajikuna. Nikamwambia Mama asihangaike kununua nyingine, nitamwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, tena kwanza tutaijaribu ikiwa ndani ya flashi, bila kugusa kitu kwenye diski. Usiku nikaiandaa kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za namna hiyo, nikachagua mpangilio wa zamani wa diski, MBR, badala ya ule mpya, GPT, kwa sababu mashine nyingi za umri ule zina BIOS ya zamani tu, ile programu ya kuiamsha kompyuta, habari za mrithi wake UEFI hazizijui. Hapo nilikuwa sawa. Naomba mkumbuke kwamba hapo nilikuwa sawa.

Sasa, kibodi yake, ile ya pini za duara, ilishakufa kwa chai. Mama akanipa nyingine ya USB. Nikaingia chini ya meza. Giza, waya zimesukana, sipiyu mbili nyeusi zimebanana. Nikapapasa, nikapata tundu, nikachomeka. Nikatoka na utando wa buibui kichwani, nikaweka flashi kwa mbele, nikawageukia watu wa foleni na kuanza kuwafundisha. Hakuna aliyeuliza. Niliwaeleza tu, kwa upendo, maana ya kubuti, yaani kompyuta kuamka na kupakia mfumo wake.

Kompyuta ya kulia alikaa Katibu wa kamati ya harusi, mwalimu mstaafu, mtu mzito hapa mtaani. Alikuwa anamalizia orodha ya michango kwenye Word: jina, ahadi, kalipa au kakwepa. Bodaboda kamsimamia mgongoni anabembeleza aandikwe "anaendelea kulipa".

Nikawasha. Kioo kikaniandikia kwamba hakioni kibodi, nibonyeze F1 kuendelea. Ndiyo. Haioni kibodi, halafu bonyeza. Mtu mwenye akili zake angefuata waya. Mimi nikawaambia watu kwamba BIOS nyingine za zamani hazitambui kibodi ya USB mpaka uiruhusu kwenye mipangilio. Jambo la kweli kabisa, muulizeni fundi yeyote. Nikabonyeza F1.

"Fundi," Katibu akasema, "hii yangu imeniletea ukurasa wa msaada. Sijaomba msaada."

"Funga tu, Mwalimu."

Nikazima, nikawasha, nikaanza kuidonoa F12 kama kuku kwenye mtama, nikitafuta menyu ya kubuti ili nichague flashi.

"Fundi, sasa inaniuliza nihifadhi wapi. Nimeshahifadhi. Nimefunga. Imerudi. Nimefunga. Jamani, imerudi tena!"

Wadau, mimi hata kugeuka sikugeuka. Macho kwenye kioo changu, kidole kwenye F12, nikamjibu kwa sauti ya daktari bingwa: "Hicho ni kirusi, Mwalimu. Nikimaliza hapa nakuja kukitoa."

Nilisema hivyo. Mbele ya foleni nzima. Yule dada wa picha za pasipoti akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nyumbani kwetu.

F12 ikagoma. Nikakumbuka kwamba kila kampuni ina kitufe chake cha menyu ya kubuti: hawa F9, wale Esc, wengine F8. Nikahamia F8.

Nisichokijua siku ile, na ambacho sasa nitakijua mpaka naingia kaburini, ni kwamba F8 kwenye Word ina shughuli yake. Ukiibonyeza mara ya kwanza huoni kitu, ila imeshaanza kushika maandishi. Ukirudia, inashika neno. Ukirudia, sentensi nzima. Halafu aya. Halafu kila kilichoandikwa tangu juu hadi chini. Na ukibofya mausi ili uachiwe, huachiwi. Inashika mpaka pale ulipobofya.

Kwa hiyo mimi hapa nadonoa, na Mwalimu pale anatangaza kama mpira redioni: "Jina la bibi harusi limebadilika rangi... Mstari wote... Sasa familia ya Igoma yote... Nabofya juu, inapanda... Nabofya chini, inashuka... Fundi, kirusi kimeshika kamati nzima!"

"Usikiguse, Mwalimu. Ukikigusa kinasambaa."

(Mama yangu mzazi anafuatilia ukurasa huu. Mama, shikamoo. Hela ya ada haikupotea yote.)

Ukurasa mzima ukiwa umefunikwa rangi, ndipo mimi nikapata wazo. Mashine nyingi zisizo na jina huingia BIOS kwa Delete. Nikanyoosha kidole cha kulia. Nakumbuka kitufe chenyewe, herufi zimefutika imebaki "De" tu. Nakumbuka nilisema, "Hii haiwezi kukataa." Nikabonyeza.

Haikukataa.

Word ya Mwalimu ikawa nyeupe, yale majina yote na ahadi zote hakuna, kimebaki kile kijimstari cha kuandikia kinawaka na kuzima juu kushoto. Kimya. Hata printa ilinyamaza. Halafu Katibu, mtu aliyefundisha Kiswahili fasaha miaka yote ya utumishi wake, akatoa Kisukuma cha utotoni: "Mayu weee!"

Bodaboda akanyanyua mikono juu. "Madeni yamefutwa! Bwana asifiweee!" Nusu ya foleni ikaitikia amina, na nina mashaka kwamba wengi wao walikuwa kwenye orodha.

Mimi? Naendelea kubonyeza Delete. Kwa bidii.

Aliyetuokoa ni binti wa Mama, bado ana sare za shule. Alishika waya wa kibodi yangu, akaufuata kwa mkono taratibu mpaka chini ya meza, na sauti ikatokea huko gizani: "Anko, hii imeingia kwa Babu Mwalimu."

Yaliyofuata hayana utamu. Binti alibonyeza Ctrl na Z, majina yakarudi, la bodaboda likiwa la kwanza kuonekana. Waya ukahamishwa, F12 ikaitika papo hapo, nikachagua flashi, Mint ikapanda. Mama anaisifia kwa kila mteja. Dada wa picha za pasipoti aliondoka bila kuniaga.

Katibu alichapa orodha yake akanipa nakala, mkononi, bila kusema neno. Nikaisoma njiani. Chini kabisa, baada ya bodaboda: "Fundi Kirusi. Ahadi 50,000. Hajalipa."

Harusi ni Jumamosi. Mwenye kompyuta nzito kuanzia Igoma, Nyegezi mpaka Buhongwa anitafute haraka, bei tutaelewana. Kibodi mtachomeka wenyewe.