The Lion King: fisi walikosa nini?

Ukiirudia The Lion King ukubwani, anayekusumbua si Scar tena, yule simba aliyemuua kaka yake mfalme ili atwae kiti. Ni fisi. Watoto wengi wa Dodoma tuliiona kwenye mkanda wa video, sebuleni kwa jirani mwenye deki, tukashangilia fisi wakitimuliwa bila kuuliza kosa lao. Filamu hiyo ya Disney ya mwaka 1994 nayo haijisumbui kueleza.

Tazama tena mfalme Mufasa anapomwonyesha mwanawe Simba himaya asubuhi. Kote jua linakofika ni kwao. Kule kwenye kivuli mtoto asikanyage. Kivulini ndiko waliko fisi Shenzi, Banzai na Ed, katikati ya mifupa ya tembo, njaa imewakaba. Scar anawatupia paja la pundamilia, na muda si mrefu jeshi zima la fisi linampigia gwaride lililochorwa kwa kuiga mikutano ya Wanazi. Aliyenyimwa mawindo miaka yote akimfuata wa kwanza kumpa nyama, ni mwovu au ana njaa? Filamu inaamua ni mwovu, kisha inamtwisha na ukame juu.

Porini mambo ni mengine. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe, na Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyefika kupora.

Lakini kuwatupia lawama Wamarekani peke yao ni uonevu. Fisi wa hadithi za bibi zetu ni mlafi na mjinga vilevile, na mfugaji wa Chemba aliyeamkia zizi lenye damu hana muda wa kumtetea.

Kwenye mvua ndipo utetezi wa filamu unapopata nguvu. Ni rahisi kucheka kwamba nchi ilikauka kwa kuwa aliyekalia mwamba wa kifalme si mrithi halali. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na zikikatika katikati mtama unanyauka awe nani madarakani. Ila mtemi wa Kigogo ndiye aliyebeba dhamana ya mvua, na mawe ya tambiko la mvua yalikuwa mikononi mwake. Mzee wa Ugogo angeielewa hoja hii upesi kuliko mhakiki wa leo. Kinachonikwaza ni kwamba filamu imechukua kiti na damu ya kifalme, dhamana ikaiacha nusu: Scar anabanwa kwa njaa ya simba, Mufasa haulizwi lolote kuhusu njaa ya kivulini. Nasi tuliozaliwa baada ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963 tulimshangilia mwana wa mfalme bila wasiwasi!

Kwa uchoraji sina ugomvi. Nyumbu wakishapita korongoni na vumbi kutulia, Simba anamsukuma baba yake aliyekufa, anamvuta sikio, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake. Toleo la mwaka 2019 la Jon Favreau lilijaribu tukio hilohilo kwa simba wanaofanana na wa kweli, na uso wa simba wa kweli haujui kulia.

Kwa hiyo watoto waitazame, tena ile ya zamani. Bado naiona nzuri, na bado naona imewaonea fisi: mvua inanyesha, nyasi zinaota, Simba anarithi mpaka uleule wa baba yake, na hakuna anayesema fisi wamepelekwa wapi.