Nyama Nayo Ni Mboga

Jaribu kumwambia mama ntilie wa Tanga kwamba wewe unakula mboga tu. Mimi nilijaribu Julai 2023, siku ya pili tangu nishuke kwenye basi, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mama akanitazama, akaanza kufunua sufuria moja baada ya nyingine. "Mboga zipo, mwanangu. Kuna nyama, kuna dagaa, kuna samaki wa nazi, kuna maharage. Nikuwekee mboga gani?"

Na hakukosea. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Ukiuliza nyumbani "leo mboga gani?" ukajibiwa "nyama", hakuna aliyeharibu lugha. Nikajirekebisha: sili nyama, mama. "Basi kuku." Kuku pia sili. "Samaki?" Maana nyama ni ng'ombe na mbuzi, kuku ni kuku na samaki ni samaki, hao hawamo kwenye hesabu. Waliokaa kwenye benchi wakaanza kugeuka. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ni Msabato.

Ninakoishi, Leicester, Uingereza, mazungumzo yote hayo yanamalizwa na neno moja. Na neno lenyewe lina uhusiano na mji huohuo. Mwaka 1944 Donald Watson, mwalimu wa useremala aliyekuwa akiishi Leicester, pamoja na wenzake wachache, walilichukua neno la Kiingereza la wasiokula nyama, wakabakiza herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho, wakapata "vegan": mtu asiyegusa nyama, maziwa wala mayai. Chama walichokianzisha kipo mpaka leo. Nilipohamia sikuyajua hayo. Nilidhani nimehamia mji wa viatu na soksi.

Wala sikwenda kule nikiwa hivi. Nimekulia Tanga kwa samaki, na nyama ikipatikana tunashukuru. Kilichonitoa kwenye nyama ni Uingereza yenyewe. Kazi yangu ya kwanza, 2009, ilikuwa kiwanda cha kuku nje kidogo ya mji, zamu ya usiku. Kuku walipita mbele yangu wakining'inia kwenye mnyororo, wameshanyonyolewa, wote saizi moja kama matofali yaliyotoka kwenye kalibu. Mimi nilikuwa napanga mapaja kwenye visahani vya plastiki, manne manne, ngozi itazame juu. Msimamizi alikuwa akipita kuhakikisha kwamba ngozi inatazama juu. Miezi 9. Nilipoacha sikuwa na msimamo wowote, sikuwa nimesoma kitabu chochote. Koo tu lilikataa. Kuku alitangulia kutoka, ng'ombe akafuata. Samaki wa mwisho nilimla 2013, changu wa kupaka, na mpaka leo namuota.

Kwa hiyo Uingereza ilinikatisha nyama, halafu ikanipangia pa kula, walau kwenye karatasi. Ingia mgahawa wowote, hata ule wa madereva wa malori, menyu ina herufi V ya kijani, alama ya chakula kisicho na nyama. Sheria inawataka wajue kila chakula kina nini kati ya vitu 14 vinavyodhuru watu, kuanzia karanga na ufuta hadi maziwa na mayai, na mhudumu, hata awe mwanafunzi aliyeanza kazi jana, anakuuliza kabla hujakaa vizuri. Hakuna anayetaka kujua kwa nini. Hakuna anayekuhurumia. Mtu mzima kula bila kujieleza ni raha, na sitajifanya si raha.

Sasa subiri kinacholetwa. Maharage ya kopo, yana sukari na rojo la nyanya, yamemwagwa juu ya mkate wa kuchoma. Mara ya kwanza nilidhani ni cha kuanzia, nikakaa kusubiri chakula. Au kiazi kimoja kikubwa, kimeokwa na ganda lake, kimepasuliwa tumbo, ndani yake maharage yaleyale. Kwenye baa za vijijini kuna baga ya mboga na chipsi, paundi 14. Kwa hela hiyo, mwaka ule, Tanga ningekula sahani 20 za wali maharage na chenji ya chai ingebaki.

Na kwenye baa moja ya aina hiyo, jiko likiwa wazi, nilimwona mpishi akigeuza soseji za nguruwe kwa koleo, kisha kwa koleo lilelile akageuza baga yangu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Tanga. Nikauliza. Akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini kabisa ya menyu, maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo: jiko letu ni moja, hatuwezi kuhakikisha. Herufi V ilikuwa ya kijani na inaonekana toka mlangoni. Hayo mengine yalikuwa ya kijivu. Na yako maduka ya chipsi, hasa ukipanda kaskazini, Yorkshire huko, ambayo bado yanakaangia mafuta ya ng'ombe. Unanunua chipsi zako, unatia chumvi na siki, unajiona umesalimika, kumbe ng'ombe yumo.

Kimbilio langu ni Belgrave Road. Ni mtaa wa maduka ya sari na dhahabu, na migahawa ya Wagujarati ambayo mingine haijawahi kuingiza nyama jikoni. Wengi wa wenye mtaa huu, au wazazi wao, walitoka kwetu, Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na watu wapatao 27,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester, mji umejaa. Wakaja vilevile, na leo sherehe za Diwali za mji huohuo zinatangazwa kwa fahari.

Siku ya kwanza kufungua menyu pale niliona kitu kimeandikwa "mogo". Mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili. Nikauliza mogo ni nini. Mzee aliyekuwa kwenye kaunta akaniangalia usoni, akaacha Kiingereza: "Wewe hapana jua muhogo, mama? Unatoka wapi wewe?" Ni muhogo wetu, umefupishwa jina safarini. Yeye alizaliwa Jinja. Akaniletea sahani imejaa vipande vilivyopasuka pembeni, vya moto, vina pilipili na ndimu, akasimama kunitazama nikila kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilikula nikiwa nimeinama. Nilikuwa sijaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana kwa wiki tatu, na nimekuja kukiongea na Mhindi, juu ya muhogo, katika baridi ile.

Lakini pale pale likaniuma jambo. Tanga yetu ilikuwa na vijihoteli vya Wahindi visivyopika nyama, na Dar, ukipita Kisutu kwenye mahekalu, vipo mpaka leo. Utoto wangu wote nilipita nje ya milango ile. Tulinusa bajia, tukasema hiyo ni ya Wahindi, tukaenda zetu. Hakuna aliyetufukuza. Ila hakuna aliyetuambia ingieni pia, na sisi hatukuuliza. Imebidi nipande ndege mpaka Leicester ndipo nikala chakula cha jirani yangu wa Tanga. (Asiyekula maziwa, atahadhari: samli na mtindi vimo karibu kila mahali mle. Shoga yangu wa kazini, ambaye ni "vegan" wa kweli, huishia kwenye mogo na chatine.)

Shoga huyohuyo aliwahi kunipa pole kwa kutoka Afrika. Maskini, alisema, mtu kama wewe kule anakula nini? Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Dada, kaa Tanga asubuhi moja. Mbaazi za nazi na mahamri. Mchana wali wa nazi na maharage ya nazi, tembele pembeni, kachumbari. Kisamvu kilichotwangwa kikapikwa na karanga. Makande. Jioni muhogo wa kukaanga na chachandu. Hakuna aliyekuwa anajitahidi kuacha maziwa; mnazi ndio uliokuwa karibu kuliko ng'ombe. Chakula cha maskini wa pwani kingeweza kupewa V ya kijani sahani kwa sahani, na ni kitamu mara mia ya ile baga.

Ninachosema, basi, ni kwamba kwetu chakula kipo, ila hakina heshima. Maharage ni ya bweni, ya mwisho wa mwezi, ya msibani kwa watu wasio na ng'ombe. Mtu aliyetoka Ulaya akiagiza wali maharage, mama ntilie anaona ama anambania hela, ama anamdharau. Ndiyo maana anakuongezea mchuzi wa nyama juu, bure, bila kuuliza, kwa huruma. Ule mchuzi wa huruma umenishinda mara nyingi kuliko hila yoyote ya Mzungu. Na hapo sijataja kamba wakavu waliojificha kwenye kisamvu, wala dagaa kwenye mchicha "kidogo tu, wa kunogesha". Mambo ya majumbani siyagusi. Jogoo wa shangazi anahitaji andiko lake peke yake.

Pale Masaki, Dar, nako wameshajua dawa yake. Unaletewa majani na punje za kwinoa kwenye bakuli la mti kwa elfu 25 na zaidi, na menyu ya Kiingereza mwanzo mwisho. Hapo hakuna anayekuonea huruma kwa kukosa nyama, kwa sababu umelipa vizuri. Siwalaumu, ila sikupanda basi kwenda kula Leicester nikiwa Dar.

Wahabeshi walilimaliza zamani. Waorthodoksi wao wanafunga Jumatano na Ijumaa na Kwaresima nzima, bila nyama wala maziwa, kwa hiyo kwenye hoteli zao, hata zile za Nairobi, ukisema tu "cha kufunga" unaletewa injera iliyojaa dengu na majani, na anayeihudumia haoni ajabu. Wana neno, na neno lina heshima. Nilikuwa nalitafuta la kwetu.

Kwanza nilitumia uongo wa kawaida: daktari kanikataza. Unafanya kazi, lakini una gharama. Kwenye benchi ya Ubungo nilipewa mlonge, nikapewa kitunguu saumu, nikapewa namba ya simu ya mtu wa Handeni anayetibu presha. Dereva mmoja aliniambia nipunguze mawazo ya wanaume.

Sasa nikiwa pale Ngamiani, benchi nzima inanitazama na upawa unaning'inia juu ya sahani yangu ukidondosha mchuzi wa nyama, nikamkumbuka bibi. Bibi alikuwa hali pweza. Maisha yake yote, na sisi ni watu wa baharini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Pweza akipikwa, bibi alitengewa chake kwenye sufuria nyingine, basi. Ilikuwa mzio wake. Siku hizi madaktari wamelichukua neno hilo kwa ajili ya wale wanaovimba midomo wakila karanga, lakini kabla ya hospitali lilikuwa ni neno la ukoo na la waganga: kitu usichokula, na hukiulizwi.

"Mama," nikasema, "nyama ni mzio wangu. Na kuku, na samaki."

Upawa ukarudi kwenye sufuria. "Aaa! Si ungesema." Akamgeukia binti aliyekuwa anaosha vyombo. "We mtoto, lete upawa mwingine, huu umeshagusa nyama. Na hiyo sahani ibadilishe, ina mchuzi." Yule wa bodaboda akarudi kwenye ugali wake. Nikaletewa wali, maharage na tembele, na kipande cha papai ambacho wengine hawakuwa nacho. Shilingi 2,000.

Kama nilimdanganya, sijui. Mzio hupewa na ukoo au na mganga, na mimi nilipewa na mnyororo wa kiwanda. Lakini nilikwenda pale siku 11 mfululizo, na kuanzia siku ya tatu upawa wangu ulikuwa umeshawekwa pembeni, umefunikwa na kawa, na nikichelewa anawaambia wateja, huo acheni, wa dada wa mzio.

Siku ya kuaga aliketi kwenye ndoo karibu yangu, jambo ambalo saa sita mchana halifanyi kwa mtu. Akataka kujua huko Ulaya nakulaje na mzio wangu.

"Wanaujua, mama. Wameuandika kabisa, kwenye karatasi, na alama ya kijani."

"Ee, wenzetu," akasema. Akawaza kidogo. "Na upawa, wanabadilisha?"

Nikamwambia aniongeze maharage.