Kabla ya Kulipia Meza ya Fungate Mombasa, Tazameni Mwezi na Jiko

Maharusi wanaokuja Mombasa kula fungate huwa wamekwisha kupanga karibu kila jambo kabla ya kushuka kwenye treni pale Miritini. Hoteli imelipiwa, nguo zimeshonwa, na siku ya kwenda matembezi ya bahari imetajwa. Jambo moja huachwa lipangwe wakiwa wamekwisha kufika, nalo ni ule mlo mmoja wa usiku ambao wangependa waukumbuke hata baada ya watoto kuzaliwa. Basi jioni moja hufungua simu, hutazama picha za meza zilizotandazwa vitambaa vyeupe na maua, huchagua ile iliyowapendeza zaidi, na kulipa. Mimi ni mtu wa mji huu, na jamaa wa bara huniuliza kila msimu wa harusi wawapeleke wapi wana wao. Jibu langu ni kwamba picha haionyeshi mambo mawili makubwa kuliko yote: mtakaa upande gani wa maji na saa ngapi, na jikoni kuna nani.

Nianze na upande wa maji, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapokosa walichokifuata. Ufuo wetu wote, kuanzia Shanzu, Bamburi na Nyali hadi Diani kule kusini, unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya minazi, kuta na magorofa ya hoteli zenyewe. Anayeagiza meza ya ufukweni ili alione jua likizama majini ataona anga ikigeuka rangi juu ya paa la jengo alilolala, kisha giza litashuka upesi kama kawaida ya nchi hizi za ikweta. Hapa jua huzama baada tu ya saa 12 jioni mwaka mzima, na halifiki saa 1. Mtu aliyeweka nafasi ya saa 2 ili ale huku akitazama machweo amekwisha kuyakosa kabla hajavaa viatu.

Machweo ya Mombasa yanatazamwa kutoka ukingo wa bara, upande wa Nyali na Mkomani, mbele ya mkono wa bahari unaopita baina ya bara na kisiwa kuelekea Tudor. Hapo ndipo ulipo mkahawa wa Tamarind, ambao wenyeji wengi huutaja kwanza wakiulizwa kuhusu vyakula vya bahari, na hapo ndipo hoteli ya English Point inapotazamana na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mtu akikaa upande huo saa 12 kasorobo, anaziona nyumba za Mji wa Kale ng'ambo ya maji zikiwa bado zina mwanga, paa za mabati kando ya paa za vigae, na minara ya misikiti katikati yake. Jua hushuka nyuma ya nyumba hizo. Kisha adhana ya magharibi huanza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili na wa tatu, hazilingani, na zote huvuka maji zikafika mezani. Sijui ufuo wa hoteli wenye kitu cha kulingana na dakika hizo, na ningewashauri maharusi wafike mapema, waagize maji ya ukwaju au madafu, wakae kimya mpaka adhana iishe, ndipo waombe orodha ya vyakula.

Je, ufuo hauna lake? Unalo, na ni kubwa, ila si la jua. Kwa sababu ufuo unatazama mashariki, mwezi hutoka baharini. Usiku wa mwezi kumi na nne unachomoza karibu na wakati uleule jua linapozama, mwekundu na mpana juu ya mstari wa maji, na kila usiku unaofuata unachelewa kwa kadiri ya dakika 50. Maharusi wakitaka meza ya ufukweni, basi wasichague Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi. Watazame kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa karibu kila duka la mji huu, watafute tarehe 14, 15 au 16, na waweke nafasi usiku huo. Jambo hili halina gharama yoyote ya ziada, na bado ni nadra kumsikia mhudumu wa hoteli akimwambia mgeni.

Hapo hapo niongeze habari ya maji, maana mwezi mpevu huja na bamvua. Siku hizo bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwetu Mombasa maji ya bamvua hujaa alasiri, kwenye saa 10 hivi, kisha huanza kurudi, na kufikia saa 4 usiku yamekwenda mbali mno. Kwa hiyo mchanga mtakaowekewa meza huenda ulikuwa chini ya maji muda mfupi kabla ya magharibi, na bado ni mbichi. Ombeni meza iwekwe juu, penye mchanga mkavu au barazani, ambako mwezi unaonekana vilevile na miguu ya viti haizami. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hayaendi mbali, na huwa yanajaa polepole wakati mnapokula, kwa hiyo sauti ya mawimbi huwa karibu zaidi ingawa mwezi ni nusu au haupo.

Upepo nao una neno lake. Kusi ikishika, hasa kati ya Juni na Agosti, ufuo wa mashariki unapigwa usiku na mchana. Namjua kijana na mkewe waliolipia meza ya mishumaa ufukweni mwezi wa Julai, katika hoteli ambayo sitaitaja. Mshumaa haukuwaka hata mmoja, kitambaa kilifungwa kwa mawe pembe nne, na mchanga uliingia katika wali. Waliomba wahamishiwe ndani wakaambiwa kwamba fedha za mapambo hazirudishwi. Wakati wa kusi, nendeni penye ukuta au upande wa mkono wa bahari, ambako kisiwa chenyewe kinakinga upepo. Kaskazi ni rafiki zaidi wa meza ya nje, na ndiyo maana miezi ya Disemba hadi Machi ufuo hujaa watu. Masika sina haja ya kuyaeleza. Mwezi wa Mei kaeni chini ya paa.

Sasa jiko, na hapa naomba nikawie, kwa sababu wengi huona kwamba mandhari yakiwa mazuri chakula kitajitengeneza. Hoteli nyingi za ufukweni humuuzia mgeni chumba pamoja na kiamshakinywa na chakula cha usiku, na chakula hicho cha usiku ni bufee. Sina ugomvi na bufee kwa siku za kawaida. Lakini jiko linalopikia watu mia kadhaa kwa saa moja haliwezi kupika kwa ajili ya watu wawili, na mara nyingi ile meza ya mahaba wanayoiuza kwa bei ya juu hupikiwa na jiko lilelile, kisha sahani hubebwa kupita bwawa la kuogelea, kupita bustani, hadi mchangani. Samaki wa kuchoma aliyesafiri hivyo hufika amepoa na ngozi yake imelainika. Maua hayamrudishii moto. Kama lazima mle ufukweni, ulizeni kama wanaweza kuleta jiko la mkaa karibu na meza. Hoteli inayokubali inajua inachokifanya.

Nionavyo, mlo wa fungate Mombasa uwe chakula cha Mombasa. Mgeni amesafiri usiku kucha kuja pwani, halafu kwenye usiku wake mkubwa anaagiza nyama na chipsi ambazo angezipata nyumbani, tena zikiwa bora zaidi. Agizeni samaki wa kupaka, na muagize mapema, ikiwezekana kwa simu asubuhi yake. Changu au tafi mzima hupasuliwa, hukatwa chale, hupakwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu, akaachwa anywe viungo. Kisha huwekwa juu ya mkaa. Pembeni tui zito la nazi linapikwa na ukwaju na bizari mpaka lishikane, na mpishi hulipaka juu ya samaki, akageuza, akapaka tena, hata tui likaanza kuungua kidogo pembezoni na kutoa ile harufu inayomfanya mpita njia asimame. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa dakika kumi. Ukiletewa samaki wa kupaka upesi mno, ujue alikaangwa mchana na tui limemwagiwa tu.

Biriani, ambayo kila mgeni huiulizia, mimi ningeiacha kwa mchana wa siku nyingine. Mikahawa mingi ya Kiswahili huipika kwa ajili ya chakula cha mchana, na usiku mnapewa iliyobaki. Usiku ni zamu ya mkaa: mishikaki, kuku wa kuchoma, pweza, samaki, na mkate wa mofa pale unapopatikana. Kambakochi nao huuzwa kwa uzani katika mikahawa mingi. Mwacheni aletwe mezani akiwa bado mbichi, apimwe mbele yenu, na bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Si ubahili kuuliza. Na muulize pia samaki gani ameletwa leo, kwa kuwa wakati wa kusi kali ngalawa na mashua ndogo hazivuki miamba kwenda maji makuu, samaki wabichi hupungua, na orodha iliyochapishwa mwaka mzima haisemi hivyo. Mhudumu anayejibu kwa jina la samaki, "leo tuna tafi na kolekole, jodari hakuna," anafanya kazi mahali pa kuaminika. Anayejibu kwamba kila kitu kipo, mshukuruni na mtafute kwingine.

Wapo watakaosema kwamba mlo wa kipekee lazima uwe wa gharama. Siamini hivyo. Katika Mji wa Kale, Kibokoni ikiwemo, na mtaa wa Makadara jirani yake, kuna mikahawa yenye viti vya plastiki ambayo mkono wa mpishi wake unazishinda hoteli za nyota tano, na maharusi wanaoijua hukaa pale wakiwa wamevaa vizuri, wakahudumiwa kwa heshima kubwa. Ningewaongoza huko bila kusita wale ambao furaha yao iko kwenye ladha. Wajue tu kwamba mingi kati ya mikahawa hiyo haiuzi pombe, kwamba mavazi ya ufukweni hayafai mitaa ile, na kwamba mwezi wa Ramadhani milango hufungwa mchana na jioni hujaa watu wa kufuturu. Anayetaka utulivu mwezi huo aende baada ya tarawehe, mji unapokuwa macho na barabara zina harufu ya kaimati na viazi vya karai.

Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Fungate ilikuwa siku saba za ndani, maharusi hawatoki, na chakula kikitoka jiko la upande wa bibi harusi, sinia baada ya sinia, kila siku na chake. Hoteli imechukua nafasi ya nyumba ile, lakini kile chakula kilikuwa kimepikwa na watu waliowajua wanaopikiwa. Hilo bado linawezekana. Pigeni simu siku moja kabla, semeni ni fungate, semeni nani hali pilipili na nani hapatani na kaa, na muombe kuzungumza na mpishi mwenyewe. Mkahawa utakaowapa mpishi kwenye simu ndio ningeuchagua, hata kama picha zake zimepigwa vibaya.

Kuhusu malipo, ulizeni kama bei za kwenye orodha zimejumuisha kodi ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2 na ada ya huduma, maana palipoandikwa bei bila hivyo hesabu ya mwisho hupanda sana. Ulizeni pia usiku gani hoteli ina ngoma na vipaza sauti, msije mkalipia meza ya faragha usiku ambao hamtasikizana.

Na wanaolala Diani wakitaka kula kisiwani au Nyali, wapange njia ya kurudi kabla ya kupanga chakula. Kivuko cha Likoni kina foleni zake, na hakuna mlo unaonoga mmoja akiwa anatazama saa. Dereva atakayewarudisha kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kivukoni, aagizwe mapema na bei ikubaliwe, au walale usiku mmoja upande huu, wale taratibu, na mchana wa kesho yake waingie Mji wa Kale kula ile biriani ikiwa imetoka kufunuliwa.